Shinda Tatu: Maana ya Ushindi katika Fasihi na Maisha

Mhadhara kwa walimu, wazazi na vijana, Bukiriro, wilayani Ngara

Nashukuru kwa mada mliyonipa hapa Bukiriro. Mzazi huifikiria anaponunua sare na madaftari. Mwanafunzi huenda nayo kitandani usiku wa kuamkia mtihani. Mmeniuliza: ushindi na mafanikio ni nini, katika vitabu tunavyosoma na katika maisha tunayoishi?

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Chombo changu cha kazi ni maneno, kama jembe lilivyo kwa mkulima. Basi nitaanza na neno lenyewe.

Tunasema Simba wameshinda, au Yanga wameshinda, na kila mtu anaelewa. Tunasema mgombea ameshinda uchaguzi, mgonjwa ameshinda maradhi. Hiyo ni shinda ya kwanza. Lakini ukikutana na jirani yako saa kumi jioni anatoka shambani, humwulizi amemshinda nani. Unamwuliza, "Umeshindaje?" Unataka kujua siku imempitaje. Tunasema watoto wameshinda na njaa, mama ameshinda mtoni akifua, baba ameshinda kwenye foleni ya zahanati. Hiyo ni shinda ya pili: kuwa mahali, au katika hali fulani, tangu asubuhi hadi jua linapozama. Halafu iko ya tatu, ambayo vijana wengi sasa wanaikuta ndani ya methali tu: debe shinda haliachi kutika. Debe shinda ni debe lisilojaa.

Watunga kamusi huyaweka maneno haya mbalimbali, na wana sababu zao. Kirundi na Kinyarwanda, lugha zilizo ndugu na Kihangaza chenu, zina neno moja kwa kushinda adui, gutsinda, na jingine kwa kupitisha siku, kwirirwa, ndiyo maana jioni wasemaji wake husalimiana mwiriwe. Sidai kwamba shinda zetu tatu zilitoka tumbo moja. Ninachosema ni kwamba katika Kiswahili zinakaa nyumba moja, na anayetaka kuelewa ushindi ni vizuri azisalimie zote tatu. Ndivyo nitakavyofanya leo.

Debe shinda

Nianze na ile ya mwisho. Asubuhi ya leo nilisimama kando ya njia nikitazama watu wanaopandisha maji kilimani. Wengi walibeba madumu ya plastiki yenye vifuniko. Lakini alikuwapo binti mmoja, wa miaka kumi na miwili hivi, aliyebeba ndoo wazi kichwani. Ndoo ilikuwa imejaa mpaka ukingoni, na juu ya maji alikuwa ameweka kipande cha jani la mgomba. Alipanda mwinuko ule mikono ikining'inia, shingo imenyooka, na sikuona tone likimwagika. Nyuma yake alikuja mdogo wake na ndoo ndogo iliyofika nusu. Maji yake yalipiga huku na huku, yakamlowesha mabega na mgongo, na kila hatua ndoo ilitoa sauti. Njia nzima ilisikia, na aliyesikika alikuwa yule mwenye maji machache.

Wengi wetu tumeyafundisha masikio yetu kusikia maji machache. Mtu akirudi kijijini na gari, tunasema ametoboa. Akijenga nyumba ya bati la rangi, ametusua. Hatuulizi amepitia wapi, wala ameacha nini nyuma. Na aliyebaki hapa akafundisha darasa la kwanza miaka thelathini, mpaka wilaya nzima ina watu waliojifunza kusoma mbele yake, huyo tunamwonea huruma. Tunasema maskini mwalimu, maisha yamempita.

Fasihi yetu imelijua jambo hili zamani. Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, alichapisha Dunia Uwanja wa Fujo mwaka 1975. Mhusika wake mkuu anaitwa Tumaini. Anarithi mali, anaitapanya, anaipata tena na kuwa mkulima mkubwa wa kuheshimika, na mwisho wake ni kitanzi. Kwa hesabu ya mtaani, Tumaini alitoboa mara mbili. Mwandishi anatuonyesha kwamba muda wote huo ndani yake palibaki nafasi ambayo mali haikuijaza, na ile nafasi ndiyo iliyotika.

Shaaban Robert alilitazama jambo hilohilo kwa upande wa pili. Katika Utubora Mkulima, kitabu kilichotoka mwaka 1968, miaka sita baada ya yeye mwenyewe kufariki, kijana Utubora anaacha kazi ya mshahara na kwenda kulima Busutamu. Kwa hesabu ya mtaani, huyo ameanguka. Lakini msomaji anapomaliza kitabu hana shaka ni nani aliyejaa. Nawaomba walimu wa Ngara mkisome na wanafunzi wenu, maana vijana wa hapa, kwenye migomba na mibuni, wanahitaji kusikia kwamba jembe si adhabu ya aliyefeli.

Kushinda mpaka jioni

Sasa shinda ya pili, ile ya kupitisha siku. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mfano wake mkubwa una mguu mmoja katika mkoa wetu huu.

Mwaka 1896 alizaliwa Ukerewe mtoto aliyeitwa Aniceti Kitereza, wa ukoo wa watemi. Wamisionari wakamsomesha, kisha wakampeleka Seminari ya Rubya, huku Kagera, ng'ambo ya ziwa kutoka kwao. Alisoma Rubya miaka kama kumi. Alijifunza Kilatini na lugha nyingine za Ulaya, na angeweza kuwa padri. Hakuwa. Mwaka 1919 alirudi nyumbani, akaoa, akaishi maisha ya mtu wa misheni na mtu wa kijiji. Yeye na mkewe Anna Katura walizika watoto wao wakiwa bado wadogo.

Kitereza aliona kwamba wazee waliokuwa wakijua mila, dawa, nyimbo na adabu za Wakerewe wanaondoka mmoja mmoja. Akaanza kuandika. Hakuandika ripoti, aliandika riwaya, na aliiandika kwa Kikerewe. Ilikuwa ni habari ya Bwana Myombekere na mkewe Bibi Bugonoka, watu wawili wanaopendana wasiojaliwa mtoto. Wazazi wa mke wanamchukua binti yao. Myombekere angeweza kuoa mwingine, na watu walimtazamia afanye hivyo. Yeye anafunga safari kwenda kumrudisha mke wake. Wakwe wanamtoza mitungi sita ya pombe ya ndizi. Ninyi mnaojua kazi ya kuivisha ndizi, kukamua, kuchanganya mtama na kungoja ichachuke, mnajua mitungi sita ni jasho la namna gani. Kitereza haandiki kwamba Myombekere alimpenda sana mkewe. Anamwonyesha akitafuta ndizi, akiomba msaada wa majirani, akibeba mitungi. Ushindi wa Myombekere ni huo: anashinda kwa kazi, siku baada ya siku, mpaka mke anarudi nyumbani.

Kitabu kikamalizika mwaka 1945. Kikakosa mchapishaji. Nani angechapisha riwaya ndefu kwa lugha ya kisiwa kimoja? Padri mmoja Mkanada, Almas Simard, aliyemtia moyo mwandishi tangu mwanzo, aliuchukua mswada akaenda nao kwao kuutafutia njia, akafariki kabla haijapatikana. Miaka ikapita. Mwishoni mwa miaka ya 1960 watafiti wawili kutoka Marekani, Gerald na Charlotte Hartwig, walimkuta Kitereza, sasa mzee mgonjwa wa viungo, na kazi yake haijachapishwa. Wakamshauri aifasiri kwa Kiswahili. Mzee zaidi ya miaka sabini akaketi tena na kuandika kitabu kizima upya, kwa lugha nyingine.

Tanzania Publishing House ilikitoa kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, na mwaka ulioandikwa ni 1980. Tangu kalamu kuwekwa chini mwaka 1945, ni miaka 35. Mwandishi alifariki mwaka 1981, kabla ya kukishika kitabu chake mkononi.

Sasa nawauliza vijana: huyu alishinda au alishindwa? Hakupata fedha. Hakupigiwa makofi. Hakuona jina lake kwenye jalada. Lakini leo kitabu chake kimefasiriwa kwa Kijerumani na kwa Kiingereza, na Gabriel Ruhumbika, naye mwandishi wa Ukerewe, ndiye aliyekifasiri kwa Kiingereza. Anayetaka kujua Wakerewe waliishije kabla ya wageni, waliposaje, waliombolezaje, walitibuje, anakwenda kwa Kitereza. Mzee aliyezika watoto wake amekuwa mzazi wa kumbukumbu ya kisiwa kizima. Kwangu mimi huo ni ushindi kamili. Na aliupata kwa kubaki kwenye kazi yake mpaka jioni.

Mfano mwingine mnaujua. Tarehe 20 Oktoba 1968, mjini Mexico City, Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda mbio ndefu za Olimpiki. Zaidi ya saa moja baadaye, giza likiwa limeingia, John Stephen Akhwari wa Tanzania aliingia uwanjani akichechemea, goti limefungwa bandeji, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Kwa shinda ya kwanza, Akhwari alishindwa. Kwa shinda ya pili alishinda kuliko wengi: aliikuta jioni akiwa bado njiani, akielekea alikotumwa.

Na Oktoba 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Tulishangilia nchi nzima. Lakini tuseme ukweli: wengi wetu tulikuwa hatujasoma hata ukurasa wake mmoja. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987. Tafsiri ya Kiswahili ya kitabu chake, Peponi, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, ilitufikia baada ya tuzo. Kwa miaka 34 yule mtu alikuwa akiandika ilhali sisi hatumwoni. Tuzo ilikuwa siku moja. Ushindi ulikuwa ile miaka 34.

Ushindi wa nani?

Nimefika kwenye shinda ya kwanza, ile ya kumshinda mwingine. Sitaki mdhani naidharau. Kuna mambo ya kupigania. Lakini hata hapo fasihi inatufundisha tusikimbilie kuhesabu.

Ebrahim Hussein alichapisha tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969. Kinjeketile wa historia alinyongwa na Wajerumani mwaka 1905, mwanzoni kabisa mwa Vita vya Majimaji. Maji aliyoahidi kuwa kinga hayakuzuia risasi, na watu wetu walikufa kwa maelfu mengi. Katika tamthilia, Kinjeketile akiwa mfungwa anatakiwa atamke kwamba maji yalikuwa uongo. Akitamka hivyo, pengine mateso yatapungua. Anakataa, na sababu yake ni nzito: adui atalichukua neno lile awaambie watoto wetu na wajukuu wetu kwamba kupigania uhuru kulikuwa upumbavu. Mtu aliyeshindwa vita analinda neno ili wengine waje washinde nalo. Mwaka 1956 Mwalimu Nyerere aliposimama mbele ya Umoja wa Mataifa kudai uhuru wa Tanganyika, aliwakumbusha juu ya Majimaji. Miaka mitano baadaye, tarehe 9 Desemba 1961, tulikuwa huru. Ukifunga kitabu cha hesabu mwaka 1907, Majimaji ni kushindwa. Ukikiacha wazi hadi 1961, hesabu inasoma vingine.

Hapa Ngara mna somo lenu wenyewe, na hamhitaji tamthilia kulijua. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda. Wazee waliomo humu waliwaona. Kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa ndani ya siku chache, na baadaye kidogo ikatajwa kuwa kambi kubwa kuliko zote duniani. Kule walikotoka kulikuwa kumefanyika mauaji ya kimbari. Waliovuka walikuwamo wasio na hatia, na walikuwamo wenye damu mikononi. Ni nani angesimama juu ya daraja lile na kusema huyu ameshinda, yule ameshindwa? Kwa mama aliyevuka na mtoto mgongoni, kushinda kulikuwa na maana moja: jioni imefika na mtoto anapumua. Na kwa mwanakijiji wa Ngara, ambaye miti yake ilikatwa kwa kuni na chemchemi yake ikagawanywa kwa watu asiowajua, kushinda kulikuwa ni kubaki mtu.

Mwaka uliofuata ilianzishwa hapa Ngara redio ya kuwahudumia wakimbizi, Radio Kwizera. Kwizera ni kuamini, ni kutumaini. Wakimbizi walirudi kwao, na redio ikaendelea kuzungumza na wenyeji. Na pale pale Rusumo, karibu na lile daraja, sasa maporomoko yanazalisha umeme: mtambo wa megawati 80, unaogawanywa kwa nchi tatu, Tanzania, Rwanda na Burundi. Mto uleule ambao mwaka 1994 ulibeba maiti leo unawasha taa pande zote. Natamani kila kijana wa Bukiriro aende akasimame pale. Huo ndio ushindi ninaouelewa vizuri kuliko mwingine wote, kwa sababu haukumwacha jirani gizani.

Tundu libaki wazi

Nikusanye niliyoyasema. Shinda ya kwanza inauliza: umemshinda nani? Shinda ya pili inauliza: umeipitishaje siku? Shinda ya tatu inauliza: umejaa? Tatizo letu ni kwamba tumelibakiza swali la kwanza peke yake. Tunalipeleka shuleni, kanisani, msikitini, hata kwenye harusi. Tunamwuliza mtoto amekuwa wa ngapi kabla hatujamwuliza amejifunza nini.

Matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, mtoto aliyepata daraja la kwanza anabebwa juu juu. Ni haki yake, amefanya kazi. Lakini yuko mwingine siku hiyo anayepita nyuma ya nyumba ili asionekane. Nimewafundisha watoto wa namna hiyo. Nimewaona baadaye wakiwa mafundi, wakulima, wauguzi, wenye nyumba zenye amani. Nimewaona pia wachache ambao siku ile iliwavunja, si kwa sababu ya mtihani, ila kwa sababu ya maneno waliyoambiwa nyumbani jioni ya siku ile. Wazazi, nawasihi: mtoto akirudi na matokeo mabaya, mpeni kwanza chakula. Mwulizeni ameshindaje. Kesho ndiyo mzungumze juu ya shule.

Nanyi vijana, mnapenda neno kutoboa. Silikatai, ni neno lenye nguvu. Linamwonyesha mtu aliyezuiwa na ukuta, akachimba mpaka akatokea upande wa pili. Lakini tundu likishatobolewa linaweza kufanywa mambo mawili. Unaweza kulipita na kuliziba nyuma yako, ubaki peke yako upande ule ukijisifu. Au unaweza kuliacha wazi, hata ukalipanua kidogo, ili mdogo wako apite bila kuchubuka mabega. Kitereza aliliacha wazi; Ruhumbika akapita. Shaaban Robert aliliacha wazi. Sote tunaoandika Kiswahili tumepita hapo. Walimu wenu walioketi mbele hapa wamekuwa wakilipanua kwa miaka mingi, kwa chaki.

Kwa walimu nina ombi moja la kazi. Bukiriro ina wazee wanaokumbuka. Wanajua methali za Kihangaza, hadithi za jioni, majina ya miti na dawa zake, habari za mwaka 1994 kama walivyoziona kwa macho yao. Kitereza aliwakuta wazee wa kwao wakiondoka na maarifa, akaandika. Gaweni daftari moja kwa kila mwanafunzi wa kidato cha pili. Kila mmoja aende kwa babu au bibi mmoja, amsalimie, akae naye jioni, aandike anachoambiwa, kwa Kihangaza na kwa Kiswahili. Msingoje mchapishaji wala mfadhili. Kalamu na daftari vinatosha kuanza.

Yule binti wa asubuhi hakujua kwamba namtazama. Alifika kwao, akashusha ndoo, akaondoa jani, na maji yalikuwa bado yamejaa. Mdogo wake alipofika, dada alichukua kata, akachota kwenye ndoo yake, akamwongezea. Ndugu zangu wa Bukiriro, kaanzeni hapo: jazeni, mfike jioni, kisha mwongezeeni aliyepungukiwa.